Kisangani Ni Saa Moja

Jumamosi, msimu wa mvua. Tangu asubuhi mawingu yameulalia mto Lualaba, na mvua nyembamba haikazi wala haikomi. Nilikwenda ng'ambo, uwanja wa ndege, kumsindikiza binti yangu Feza anayekwenda kusoma Kisangani. Nilingoja mtumbwi wa kurudi Alunguli hata nguo zikalowa, na kabla sijafika nyumbani simu ikalia: "Papa, nimefika." Nilifurahi, lakini kichwa kilichanganyikiwa kama miaka ile ya vita.

Wakati ule reli ilikuwa imekufa na njia zilikuwa za wenye bunduki. Mama alikuwa na uvimbe shingoni. Akapanda ndege ya mizigo, akaketi juu ya magunia ya mchele, kwenda kupasuliwa Kisangani. Kwetu, mtu akisafiri, ua haufagiwi mpaka awe amefika, usije ukazifagia nyayo zake. Kwa anayekwenda Pangi kwa miguu, bibi, mama yake baba, alijua tungoje siku ngapi. Kwa ndege hakuna aliyetufundisha.

"Mama, ndege njo saa moja tu," baba alimwambia bibi jioni ileile. "Amekwisha kufika. Mufagie."

"Ulimuona akishuka?"

"Hapana, lakini..."

"Basi acha majani yangu. Kawia ufike."

Majani ya mparachichi yakarundikana, yakaoza kwa mvua, yakanuka. Jirani yetu Mama Zaina alichungulia: "Eh, bibi, humu muko munafuga nyoka?" Sitaki kumsingizia, ndiye aliyetuletea mihogo mara nyingi. Lakini siku nyingine alisema, "Saa moja ya ndege, na mwezi umekufa, mwingine umeandama! Huyo ameolewa huko." Siku hiyo baba alishika ufagio mwenyewe, akafagia kwa hasira mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Bibi aliingia ndani. Mimi sikujua nimwamini nani. Mwalimu alikuwa ametuchorea ubaoni Kindu, mji wetu, na Kisangani, katikati mstari mfupi kama kidole. Sasa mama alikuwa wapi kwenye mstari ule?

Alirudi wakati wa kuvuna mpunga, kwa miguu, kwa njia ya Lubutu, nyayo zimepasuka, shingoni kovu. Ndege zilikuwa zimeacha kuja. "Kwenda, nilifika kabla sijamaliza kuogopa," alisema. Baba akamgeukia bibi: "Unasikia? Alifika siku ileile." Bibi alikuwa anamwosha mama miguu. "Amefika leo," akajibu. Mpaka sasa nawapima wote wawili na sioni wa kumnyima haki. Labda ni elimu yangu ndogo.

Mama yupo, mzee sasa. Nilipomwambia kwamba Feza amekwisha kufika, alimshukuru Mungu, akaendelea kutwanga majani ya mihogo ya sombe. Kisha akauliza: "Na njia ya Lubutu, ya kurudia, siku hizi iko inapitika?"

Nikasema sijui, nitauliza. Jioni tulikula wali, sombe na samaki wa Lualaba. Mama hakumaliza wali wake.