Ukurasa Usiopenda Kimya

Fundi wa tovuti ya ushirika wetu wa maziwa hapa Eldoret ana vidole visivyojua kutulia; hata akinywa chai, vinagonga meza. Akibonyeza kitufe huuliza ukurasa wake, "Umesikia?" Akisogeza kipanya, "Umeona?" Mama Tryphosa, aliyetoka kijiji cha Ziwa kuandikisha jina apate ng'ombe wa gredi kabla nafasi hazijafungwa saa sita, alimwona kama mtu anayefundisha mtoto kuongea. Shida ni kwamba ukurasa huo usiposikia kitufe wala kuona kipanya, hudhani mtu ameenda zake, unafuta kila kitu. Naye Mama Tryphosa hatumi kitu bila kukiombea, wala haombi mbiombio. Mara mbili alisema amina akakuta jina lake halipo.

"Mama, si ungeomba kwa kifupi?"

"Kwani Mungu ni wa kukatiwa simu?"

Fundi akaandika jina upya. Safari hii maombi ya Mama yalipofika kwa wagonjwa wa hospitali ya Plateau, alifungua jicho moja. Jina lilikuwa bado liko. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba kabisa, mkono wake ukisukuma kipanya huku na huku, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Mama akalifumba jicho lake, akaanza kuwaombea majirani, mmoja mmoja.