Kelele za Kwenye Kaseti ya Mikumi

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mume wangu ana marafiki wengi humu na wajukuu wanamsomea kila kitu. Mimi ni mama mtu mzima, naelekea miaka sabini, naishi Kilosa. Anayedhani mtu wa umri wangu hana tena cha kumliza, apite tu, asinitukane.

Mume wangu ni mstaafu wa reli, mpole, mtu wa watu. Ana ugonjwa mmoja tu: bendi ya dansi iliyokuwa ikipiga huku kwetu enzi za Ujamaa. Bendi ile haikuwahi kutoa santuri. Kilichobaki ni kaseti ambazo mashabiki walijirekodia wenyewe ukumbini kwa redio zao za kaseti. Kila Jumapili baada ya alasiri wazee wenzake wanakuja barazani kwangu, mmoja na kaseti ya Kilosa, mwingine na ya Kilangali, yeye na ya Mikumi. Wimbo ni uleule, lakini bendi haikuupiga sawasawa siku mbili, basi wao wanaushindanisha mpaka wananuniana.

"Hapo Kilosa besi imelala," mmoja atasema.

"Imelala wapi? Umelala wewe! Sikiliza solo linavyozunguka hapo."

Mwisho wote hukubali kwamba ya Mikumi haina mpinzani, ila ina dosari. Pale kwenye chemko, waimbaji wakishanyamaza na magitaa yameachiwa yatambe, mwanamume anapiga kelele karibu kabisa na redio: "We mtoto, njoo! Gitaa litaisha hili!" Kisha mwanamke anacheka, kicheko kirefu kinafunika solo lote. Wazee wanasonya. Mume wangu husema, "Hawa wawili wangenyamaza tu, tungekuwa na dhahabu."

Ndugu zangu, mwanamke yule ni mimi.

Nilikuwa binti wa kijiji cha ujamaa kule Masanze. Huyo mwanamume nitamwita Saidi, si jina lake. Alikuwa ameshaleta posa na wazee wangu wameipokea. Siku hiyo tulidandia lori la pamba hadi Mikumi kwenye bugi, dansi la mchana, kaka yangu akiwa mlinzi wetu, mlinzi gani mwenyewe, alipotea kwenye dansi tulipofika tu. Saidi alivaa suruali ya bugaluu ya kuazima. Mimi nilivaa raizoni za dada yangu, viatu vya soli nene, zikanibana mpaka nikakimbilia nyuma ya meza kuzivua. Juu ya meza ile kulikuwa na redio ya mtu anayerekodi. Saidi akanifuata hapohapo, akaniona peku, akaniita. Mimi nikacheka. Basi, ni hayo tu, na ndiyo yaliyobaki.

Masika yaliyofuata mto ulimchukua akivusha mbuzi wa jirani. Alipozikwa nilikaa jikoni na wapishi, kwa sababu sikuwa mke, eda haikunihusu, na hakuna aliyenipa pole kama mfiwa. Hakuacha hata picha.

Baadaye nikaolewa na mume wangu huyu, aliyehamishiwa Kilosa kikazi. Wazee wangu wakanionya kwamba habari za marehemu hazibebwi kwenda nyumba mpya. Nikatii. Siku moja akarudi nyumbani na furaha, amebadilishana kaseti na shabiki wa Mikumi. Nilikuwa nasonga ugali. Saidi akaniita kutoka sebuleni. Ugali ukaungua, machozi nikayasingizia moshi.

Tangu siku ile, Jumapili nawahi kupika kahawa, napanga kashata kwenye sahani, nakaa mlangoni. Mume wangu hujisifu kwa wenzake, "Mke wangu anaipenda bendi kuliko nyie wote." Ananivutia na kiti kabisa, nikae karibu na redio.

Sasa fundi mmoja wa studio Morogoro amewaambia kaseti ile imechoka, utepe utavumilia kupigwa mara moja tu. Ataiingiza kwenye kompyuta, aziondoe zile kelele, libaki solo peke yake. Anakuja Jumapili hii. Nilijaribu kuzuia. Nikasema, "Baba Zuhura, kwani kelele si ndiyo bugi lenyewe? Waacheni hao watu."

Akacheka. "Mama Zuhura, na wewe! Hao walevi tumewavumilia mno."

Saidi hakuwahi kuonja pombe. Niliingia jikoni nikauma kanga, nikalia.

Nikinyamaza, sauti yake ndiyo imekwenda, na safari hii sitampata tena. Nikisema, mume wangu mwenye presha atajua kwamba kila aliponivutia kiti nilikuwa namsikiliza mwanamume mwingine. Na hajanikosea kitu. Nampenda, jamani, tumezeeka pamoja, nikiugua yeye ndiye anayenikorogea uji.

Jana aliitoa kaseti kwenye kasha, akaipangusa vumbi kwa shati lake, akakaa nayo mkononi. Akasema, "Unajua, hata sijui yule mwanamke alikuwa nani. Lakini siku ile alikuwa na furaha, yule." Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mabega yetu yamegusana. Kile kicheko amekisikia nusu ya maisha yake na hakukijua, kwa sababu humu ndani sijawahi kucheka vile hata siku moja.

Nishaurini wanangu, Jumapili si mbali. Nimwambie ni mimi, au ninyamaze fundi atufute wote wawili?