Kitenge Juu ya Mifupa

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Lakini kwa miaka minne nilisafisha makumbusho ya mzee mmoja Mbelgiji, katika mtaa wa Saint-Josse, huku ukimbizini, bila kufungua mdomo. Binti yangu nilikuwa nimemwacha Bukavu kwa mama yangu, na ili aruhusiwe kuja nilihitaji mkataba wa kazi wa kudumu. Mzee aliahidi kuutia sahihi.

Nyumba ilikuwa yake, na vyote vilivyochimbwa ardhini vilikuwa vyake: vyungu, shanga, mashoka ya mawe. Katikati ya ukumbi, ndani ya sanduku la kioo, alilala mwanamke. Mifupa mitupu, magoti yamekunjwa kifuani. Kila asubuhi nilipangusa kioo chake nikimsalimia, "Jambo, maman." Nani angenicheka? Tulikuwa wawili tu.

Kisha mama yangu akafa. Mkimbizi akirudi kwao anapoteza karatasi, kwa hiyo sikwenda kumzika. Matanga nilikaa Matonge, mtaa wa Waafrika hukuhuku ugenini, mbele ya picha yake.

Wiki mbili baadaye mzee akaandaa alasiri ya utamaduni: ngoma, mashairi, divai. Wageni wakajaa. Glasi zao wakazipanga juu ya lile sanduku, na mmoja akaliegemea akicheka. Aka! Kwetu, maiti ikiwa ndani, hata redio inazimwa. Damu ikanichemka. Nikaenda kuchukua kitenge changu cha buluu. Tulikinunua mimi na mama, tukakikata vipande viwili asubuhi niliyokimbia, kila mtu chake. Nikaondoa glasi zote, nikamfunika yule mwanamke.

Halafu wakapiga makofi! Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Mzee akanisogelea akitabasamu, akaninong'oneza kwa Kifaransa, "Madame, ondoa hicho kitambaa, au Jumatatu usirudi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilimfikiria mtoto wangu, nikakitoa. Nikakikunja, nikarudisha glasi moja moja juu ya kioo, masikio yakiniwaka kwa aibu. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi huohuo.

Mwaka uliofuata binti yangu akafika, ana miaka kumi na miwili, mrefu kunishinda. Jumapili yake ya kwanza nilikuwa napika sombe, majani ya muhogo ya kwetu. Akakiona kile kitenge kwenye kiti, akakigusa.

"Maman, na wewe uko nayo?"

"Niko nayo."

"Ile ya bibi ndiyo tulimufunika nayo mu sanduku. Bakubwa balisema tuitoshe, isizikwe, sababu ilikuwa ingali mupya. Balinigombeza sana. Mi nikakatala." Akaniangalia. "Nilifanya mubaya?"

"Hapana, mama. Ulifanya muzuri," nikamwambia, nikageukia sufuria asinione uso.