Mashine Mbili na Wifi Mmoja

Pale hospitali ya saratani walimwita Dada Mitambo, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, na sweta lake la kijivu hakulivua hata jua likiwaka, kwa sababu chumba cha kompyuta kilikuwa cha baridi na yeye alishinda humo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitambo ya mionzi haikosi taarifa za wagonjwa hata kidogo. Ndiyo maana kulikuwa na kompyuta kubwa mbili, moja kwenye jengo la mionzi, ya pili ng'ambo ya ua, kwenye jengo la utawala. Kilichoandikwa kwenye ya kwanza kiliandikwa papo hapo kwenye ya pili. Ikizimika moja, nyingine inashika kazi, na mgonjwa aliyelala chini ya mtambo hana habari.

Simu yake haikuzimwa kamwe. Siku ya mazishi ya shangazi yake aliitwa kwa ajili ya feni ya kompyuta iliyosimama, akaenda, na aliporudi ndugu walikuwa wameshafukia na kutawanyika. Aliyesema ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwalimu wa hesabu mwenye ulimi mkali na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alisema mdogo wake alidhani ameoa mke, kumbe ameoa zamu. Utani huo aliurudia kila walipokutana, na Dada Mitambo, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, aliucheka kila mara.

Kisha wifi akaugua. Saratani ya shingo ya kizazi, lakini imewahiwa, madaktari walisema, haijatambaa. Angepigwa mionzi kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa bila kuruka, maana uvimbe ukipata nafasi ya kupumua hujijenga upya. Wifi alikuja kila asubuhi na begi la madaftari ya wanafunzi, akasahihisha kwenye benchi akisubiri zamu yake. Wauguzi walimzoea. Alianza hata kunenepa kidogo.

Akiwa katikati ya tiba, walikuja mafundi wa kampuni iliyouza programu ya mionzi ili kuweka toleo jipya. Amri moja ndani ya toleo hilo ilikuwa na kosa. Badala ya kuongeza kitu kwenye mipango ya wagonjwa, yaani michoro ya jinsi kila mmoja anavyopigwa mionzi, ikaifuta. Mashine ya kwanza ikatii. Ya pili, kama ilivyofundishwa, ikafanya vilevile kufumba na kufumbua. Taa zote zilibaki za kijani. Hakuna kilichozimika. Mashine zilikuwa nzima, zikifanya kazi vizuri kabisa, bila mpango wa mgonjwa hata mmoja.

Dada Mitambo hakupagawa mapema. Alikuwa na nakala za akiba, zilizochukuliwa kila usiku kwenye diski na kufungiwa kwenye kabati la chuma. Kila asubuhi alisoma taarifa yake: imefanikiwa. Alifungua ya jana yake. Majina ya wagonjwa yalikuwemo, namba za simu, tarehe za miadi. Mipango haikuwemo. Akafungua ya wiki iliyopita, halafu ya mwezi uliopita. Hapo ndipo alipokaa sakafuni, kwani alishaelewa. Mfumo ulipofanyiwa ukarabati zamani kidogo, mipango ilihamishiwa mahali pengine, na hakuna aliyeuelekeza mtambo wa kunakili huko. Usiku baada ya usiku ulinakili folda ya zamani ya mipango, iliyobaki tupu, na kuripoti kwamba umefanikiwa. Kungekuwa na mashine ya tatu ya kujaribia kuzirudisha nakala hizo, wangeligundua hilo mapema. Aliwahi kuiomba. Daktari mkuu alichagua vitanda na dawa, na ukweli ni kwamba vitanda vilihitajika.

Kadi ya wifi ilionyesha siku alizohudhuria, basi. Haikuonyesha miale ilipitia pembe gani, wala namna ilivyokwepeshwa kibofu na utumbo, na hakuna daktari wa kubahatisha hayo kwenye mwili wa mtu. Tiba ikasimama kwa wote. Kila mgonjwa apigwe picha upya, achorewe mpango upya, na wachoraji walikuwa wawili tu. Watoto wangetangulia, wengine wafuate foleni.

Mume wa Dada Mitambo hakuwahi kumwomba kitu kinachohusu kazi. Jioni ile alimwomba. "Nenda kwa daktari mkuu. Dada awekwe mbele. Wewe hawawezi kukukatalia."

Asubuhi alikwenda. Nje ya ofisi benchi zilijaa, watu na kadi zao mkononi, na alipogusa kitasa wote waliinua macho. Mama mmoja aliyejifunga kitambaa kichwani alimuuliza kwa adabu kama mtandao umesharudi. Alimjibu bado. Akaachia kitasa, akarudi chumbani kwake kwenye baridi.

Nyumbani alimweleza mumewe ukweli kwamba hakuomba. Mume akasema, "Sawa," akatoka kwenda kukaa nje.

Zamu ya wifi ilipofika, wiki nyingi baadaye, picha mpya ilionyesha uvimbe umeshika ukuta wa nyonga na kuziba njia ya figo. Madaktari waliacha kuzungumzia kupona, wakaanza kuzungumzia maumivu.

Dada Mitambo alikwenda kumwona wodini. Wifi alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale ya mwalimu.

"Nieleze taratibu," alisema. "Zilikuwa mbili. Zote zimeharibikaje?"

Akamweleza, akachora na kidole kwenye shuka. Wifi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ile ya pili haikuwa akiba. Ilikuwa kioo."

"Ndiyo, wifi."

"Mbona hilo hata mtoto wa darasa la nne angeliona?"

Dada Mitambo alianza kulia na kuomba radhi. Wifi alimshika mkono.

"Usiniombe msamaha. Kukubali kunataka nguvu, kukataa kunataka nguvu, na mimi sina. Nipe maji."

Alimpa maji. Hawakulizungumzia tena jambo hilo, na baada ya miezi michache wifi akafariki, akiacha binti mmoja ambaye hadi leo humsalimia Dada Mitambo kwa heshima zote na kuondoka haraka.

Hakuna aliyefukuzwa. Dada Mitambo aliomba kuacha kazi, daktari mkuu akamsihi abaki, akisema hakuna mwingine anayeijua mitambo ile. Akabaki. Mashine ya tatu ilinunuliwa, na kila mwezi yeye hufuta kila kitu humo na kukirudisha kutoka kwenye nakala, mpango mmoja mmoja. Vyote hurudi. Watu wa hospitali nyingine huja kujifunza kwake, na wakimsifu yeye hutazama pembeni.

Mumewe hajaondoka. Hula, huosha sahani yake mwenyewe, huifuta na kuirudisha kabatini, kisha huenda kulala chumba cha wageni.