Mkanda wa Mapigano Ulinionesha Baba Yangu Niliyeambiwa Amekufa

Admin, nakuomba usiweke jina langu, maana wazazi wangu bado wapo hai. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, naishi Mpanda. Wazazi wangu ni wakimbizi wa Burundi, nimekulia makazi ya Katumba. Mama aliniambia tangu utotoni kwamba baba yangu, Yohana, alikufa njiani wakikimbia, mimi nikiwa tumboni. Aliyenilea ni baba wa kambo, namwita Data kama tunavyowaita baba zetu kwetu. Alikuwa mzee wa kanisa, na sijawahi kuona upendo wa baba kuzidi wake.

Miaka ya tisini mume wangu alikuwa na mashine ya sinema, anazunguka nayo Inyonga, Kasansa, hadi kwetu Katumba. Mikanda ya zamani aliagiza kwa mfanyabiashara wa Tabora, inakuja kwa treni ndani ya mikebe ya bati. Siku moja ulikuja mkebe ulioandikwa sinema ya mapigano. Watu wakajaa ukumbini, madirisha tumeziba kwa mablanketi. Mama na Data niliwakalisha mbele.

Mapigano hayakuwepo. Zilikuwa picha walizopiga wazungu enzi makazi ya wakimbizi yanaanza: watu wanafyeka pori, wanagawiwa majembe. Vijana wakaanza kuzomea wakitaka hela zao. Mara akatokea mwanaume mrefu kapakata kitoto mbele ya kibanda kipya, na pembeni yake mama yangu akiwa binti.

Mama akapiga kelele, "Yohana!"

Data akageuka akamtazama. Akachukua kofia yake akatoka.

Kesho yake alikuja kwetu peke yake akamwomba mume wangu amwoneshe tena. Akaangalia mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Mume wangu alipotaka kurudisha ule mkanda, yule wa Tabora alimjibu, "Wewe ulinunua mkebe, mambo ya ndani hayanihusu."

Nilimfuata mama shambani. Nikamwambia, "Mama, kile kitoto ni mimi. Kwa nini ulinidanganya?" Akakaa chini kwenye matuta ya mihogo.

"Baba yako alirudi Burundi kumtafuta mama yake," akasema. "Nilimsubiri mpaka watu wakaniambia amekufa. Nikahamia huku Katumba ambako hakuna aliyetujua, nikasema mimi mjane, mume wangu alifia njiani, Data wako akanioa kanisani."

"Kwa hiyo hujui kama alikufa?"

"Alirudi. Alinikuta hapa hapa nalima. Akaniuliza, mtoto wangu yuko wapi? Niliogopa atakuchukua na ndoa yangu itavunjika. Nikamwambia ulikufa kwa surua. Alilia jamani, alilia kama mtoto. Akaondoka, sijui alielekea wapi. Ukimwambia Data, utakuwa umenizika."

Ndugu zangu, mimi kwa baba yangu ni marehemu. Nilijaribu kuulizia kwa watu waliorudi Burundi, hakuna anayemjua.

Na Data toka siku ile hakushiriki tena meza ya Bwana. Uzee wa kanisa akaacha. Walipomuuliza, alisema roho yake haijatulia. Akahamishia kitanda chake chumba cha pili, na mpaka leo analala huko. Mama anampikia, anamfulia, wanasalimiana kama wapangaji.

Sasa hivi miguu ya Data haifanyi kazi, na daktari ametuambia tumrudishe tu nyumbani. Wiki iliyopita nilikuwa namnywesha uji, mama yuko nje anachambua mboga. Akanishika mkono. "Mwanangu, wewe hujawahi kunidanganya. Siku naapa pale kanisani, yule mwanaume alikuwa hai?"

Nikamwambia uji unapoa. Akasema, "Basi nitasubiri, ila usichelewe."

Nikimwambia ukweli, atakufa akijua ndoa yake yote ilikuwa dhambi, na mama nitakuwa nimemzika, kama alivyosema. Nikimdanganya, nitakuwa nimefanya kile kile nilichofanyiwa mimi. Kila nikimpelekea chakula ananitazama tu usoni. Nyie mliopitia mambo haya, nishaurini, nikaingie mle chumbani nimwambie nini?