Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha nyuma cha makumbusho mjini Arusha, nilikuta mifupa ya mtu wa kale imelazwa mezani juu ya pamba. Nikainamisha kichwa kuomba. Mkuu wa Maabara alisubiri nimalize, kisha akanipa brashi. "Binti, hawa ni watu. Usiwashike kama kuni."

Alinifundisha kwa subira. Mfupa ulio hai hujijenga pale unapoelemewa, ndiyo maana mikono ya mkulima na ya karani haifanani. Tulipima mfupa wa juu wa mkono, kati ya bega na kiwiko, kwa kalipa, kifaa cha chuma chenye taya mbili, kisha tukatazama kwa eksirei unene wa ukuta wake. Desturi ilikuwa kupima wa kulia tu, kuokoa muda.

Mwaka wangu wa tatu, mfupa mmoja wa kulia ulitushangaza kwa unene. Mkuu akasema huyu ni mwanamume, mrusha mikuki, akaagiza kibao cha maonyesho kwa fundi mchoraji wa mtaa wa Ngarenaro. Mimi nikaendelea kusafisha, nikafikia mkono wa kushoto wa mtu yuleyule. Nikapima, nikarudia. Ulilingana na wa kulia.

Nilikuwa bado kibarua, na kumkosoa mkuu kungeweza kunirudisha nyumbani. Lakini kumsingizia mtu asiyeweza kujitetea kulininyima amani.

"Shikamoo mzee. Naomba uupime na huu wa kushoto."

"Marahaba. Nilikuajiri upime au uhubiri?"

"Mkuki hurushwa kwa mkono mmoja, mzee. Huyu alitumia yote miwili. Bibi yangu, kule juu ya Usa River, alisaga ulezi kwa jiwe, akisukuma kwa mikono yote miwili."

"Bibi yako alikuwa na mikono kama hii?"

"Hata babu hakuthubutu kumjibu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akapima mwenyewe, mara mbili, akaiweka kalipa mezani. "Kimbia Ngarenaro. Lakini usiseme ni mwanamke. Nyonga hatuna, na bila nyonga hatujui. Sema tunachokijua."

Fundi alikuwa anamalizia mkuki. "Dada, huu ndio mkuki mzuri kuliko yote niliyochora!"

"Ufute, kaka yangu."

Aliufuta akinung'unika, akaandika: *Mtu huyu alifanya kazi nzito kwa mikono yote miwili, pengine kusaga nafaka.* Mwezi uliofuata Mkuu aliniombea ajira ya kudumu, na tangu hapo tulipima mikono yote miwili.

Nimestaafu sasa, napalilia migomba yangu mlimani. Nyinyi mnaoanza kazi hii, mifupa haitawasahihisha mkikosea, pimeni tena. Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa niliofanya kazi nao, na yule mtu namtaja pia. Jina lake silijui, wala kama alikuwa mama au baba wa nani. Nasema tu, "yule aliyechoka mikono yote miwili," nami naamini Mungu anajua ninamsema nani.