Risasi Ndogo ya Mjomba Shomari

Harufu ya nyama pori ikichemka na tangawizi inanipandisha hasira mpaka leo, na mimi nikiwa na hasira siaminiki. Kwa hiyo nianze na ujinga wangu kabla hamjausikia kwa wengine: kwenye akika ya binti wa Mjomba Shomari, wageni wakiwa wameshazunguka masinia na mikono imeshaingia kwenye wali, nilipanda juu ya kreti la soda nikalia kama paa aliyepigwa risasi. Si mlio wa mzaha. Nililia wote, pamoja na pale katikati anaponyamaza kuvuta pumzi.

Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa baridi ya mwaka 2016, katikati ya jiji la Johannesburg, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilikufa kabla sijazaliwa. Nyumba ilikuwa ya Mjomba, kaka yake Mama, mtu wa Tanga, muuza mablanketi. Mimi na Mama tulilala chumba cha nyuma bila kulipa kodi. Mama alikuwa na msemo wake: "Ukimkera mjomba wako, tutahamia kwenye robot, kwenye taa za barabarani, tuombe magari yakisimama kwenye nyekundu." Sasa mnaelewa lile kreti lilikuwa refu kiasi gani.

Mjomba alikuwa na bunduki moja tu, yenye leseni, ya kipenyo cha pointi ishirini na mbili, nyembamba kama mwiko. Alipojaliwa binti aliapa kwamba mbuzi wa akika kila mtu anaye, yeye ataongeza na paa. Sababu? Watu waseme. Akanibeba mimi niwe mkalimani wake, maana Kizulu chake kilikuwa cha kuuzia mablanketi: bei, rangi, na kitanda cha watu wawili.

Shamba lilikuwa nje ya jiji, mali ya mzee mmoja Kaburu ambaye kila mtu alimwita Oom Hannes. Oom kwao ni mjomba, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa na wajomba wawili na wote wabishi. Oom Hannes alizungumza Kizulu kunishinda. Aliitazama bunduki yetu kama mtu aliyeletewa kijiko akate mti, akaingia ndani, akarudi na risasi tatu kiganjani.

Ya kwanza, ya bunduki kama yetu, ilikuwa ndogo kama kokwa ya tende. "Hii ya sungura," alisema. "Paa ukimpiga nayo anaondoka nayo, anakwenda kufa kesho. Sheria ya hapa inakataza, na hata isingekataza, ninakataza mimi." Ya pili ilikuwa ndefu kama kidole changu, imevikwa shaba mpaka nchani. Hiyo nayo hakuitaka: inapita kama sindano, inatokea upande wa pili, mnyama anakimbia na tundu. Ya tatu ilikuwa na urefu uleule, lakini ncha yake ya kijivu ilikuwa laini, ukucha wangu uliacha alama. Hiyo ikiingia inafunguka. Ukilenga nyuma ya bega, paa anaanguka kabla hajausikia mlio. Akajitolea kumwazima Mjomba bunduki yake kubwa ya pointi mbili-nne-tatu, mwenyewe akiwa amesimama pembeni.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno. Mjomba akacheka kwa pua.

"Mwambie hiyo inaua."

"Mjomba, si ndiyo kazi yake?"

"We mtoto una mdomo! Sisi hatutaki afe kwa risasi. Tunataka aanguke tu, nimkute hai, nimchinje kwa Bismillahi. Risasi ndogo ndiyo ya Kiislamu. Mwambie tunataka sungura."

Nikamwambia Oom Hannes tunataka sungura. Uso wangu wa mtoto wa madrasa ukafanya kazi yake. Akatuonyesha njia, akarudi kwenye kahawa yake.

Paa alitoka kwenye majani makavu, mdogo, masikio makubwa kuliko akili yake, akasimama kututazama. Bunduki ilitoa mlio wa kopo la soda linalofunguliwa. Paa aliruka, akakimbia. Tukafuata matone ya damu kwenye vumbi, na hewa ilinuka majani yaliyosagwa na kinyesi, kwa sababu Mjomba alikuwa amempiga tumboni. Tulitembea mpaka midomo ikakauka. Tulipomkuta, miguu ya nyuma ilikuwa imekufa, ya mbele inamvuta. Kila Mjomba alipomkaribia na kisu, alijikokota hatua nyingine, na alilia. Sikujua kwamba paa analia. Analia kama mtoto mchanga aliyebanwa na mlango.

Na Mjomba, wallahi, alifurahi. "Umeona? Hai! Halali tupu!"

Nilitaka kumng'ata. Alipomaliza kuchinja, nikabeba miguu ya nyuma mpaka kwenye gari.

Jumamosi ya akika, Mjomba alikaa katikati ya wageni akisimulia. "Risasi moja tu! Akalala mwenyewe, shingo kainyoosha, kama anakisubiri kisu." Watu wakasema mashallah. Ndipo nikaliona lile kreti.

Nilipomaliza kulia, hakuna aliyetafuna. Ustadhi wetu wa madrasa akauliza, "Sauti ya nani hiyo?"

"Huyo mnayemla."

"Mtoto ana pepo!" Mjomba alisimama. "Ustadhi, nilitumia risasi ndogo makusudi, ili nimkute hai!"

Ustadhi aliutoa mkono kwenye sinia akaomba maji ya kunawa.

Sasa niko sekondari, na hasira imepata maelezo. Nimeelewa kwamba dini inamwambia mchinjaji anoe kisu ili maumivu yawe mafupi. Mtu anayechagua risasi dhaifu ili maumivu yawe marefu hakuisikia, hata akipiga Bismillahi mia. Nimeelewa pia kwamba Mjomba aliogopa. Hakuwahi kushika bunduki kubwa, na aliona afadhali paa ateseke kuliko yeye kuonekana mshamba mbele ya Kaburu. Hilo ndilo linanichoma zaidi. Dini aliiazima tu, kama mwamvuli.

Lakini siku ile sikujua lolote. Nilijua tu kwamba Mama amenishika sikio, ananishusha ngazi, na chumba cha nyuma kinatuponyoka. Tulipofika chini aliniachia. Alitazama barabara, akasema:

"Kesho utakwenda kumwomba mjomba wako radhi kwa kumwaibisha mbele za watu. Ukimaliza usiondoke. Kaa hapohapo, umtazame, mpaka na yeye amwombe Mungu radhi. Akitufukuza, tutafungasha."